Bivi nyepesi kwa safari ya Chogoria hadi Sirimon: mngechukua ipi?

Nyayo_Kasarani

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa wale mnaopanda Mlima Kenya mkiwa mmejibebea mizigo wenyewe.

Mwishoni mwa Januari tunapanga kuingilia lango la Chogoria na kutokea lango la Sirimon, watu wanne pamoja na kiongozi. Wapagazi hatuchukui. Tutalala Ziwa Ellis, kisha Ziwa Michaelson, halafu kambi ya Shipton's baada ya kupita kilele cha Lenana. Hema nililo nalo ni la watu wawili, karibu kilo tatu, na magoti yangu hayautaki tena mzigo huo kwenye ule mteremko wa changarawe wa kushuka Shipton's. Nataka begi zima, chakula na maji ndani yake, lisizidi kilo kumi na moja.

Ndiyo nikaanza kuangalia bivi, ule mfuko unaovishwa juu ya slipingi begi ukalala ndani yake bila hema. Nimeona aina tatu. Kuna mfuko mtupu wa Gore-Tex au kitambaa kinachofanana nacho, nusu kilo na kitu. Kuna yenye upinde mdogo kichwani wa kuinua kitambaa kisikuguse uso, hiyo inakaribia kilo moja. Halafu kuna nyepesi kabisa, gramu 200 hivi, lakini watengenezaji wenyewe wanasema haizuii mvua, ni ya kulalia chini ya turubai. Hapo ndipo nilipokwama: kama lazima nibebe turubai, nimeokoa nini?

Bajeti ni shilingi elfu ishirini na tano, na nikiagiza nje, ushuru na VAT viingie humo humo. Slipingi begi yangu ni ya manyoya ya bata. Urefu wangu ni futi sita. Na kitu kimoja zaidi: sipendi kufungiwa, nikifunikwa uso usingizi hauji.

Kipupwe

Karibu sana. Nikuulize mawili kabla watu hawajaanza kukutajia majina ya kampuni. Hayo manyoya yametiwa dawa ya kuzuia maji ama ni ya kawaida? Na unalalia godoro la hewa au la povu?

Nyayo_Kasarani

Manyoya ni ya kawaida. Godoro ni la hewa, nyembamba kidogo.

Umande_wa_Satima

Basi swali lako linaanza kujijibu. Watu wengi wakichagua bivi huwaza mvua peke yake. Kule juu maji yanakuja kutoka angani na yanatoka pia mwilini mwako, na kwa mtu mwenye manyoya ya kawaida hayo ya mwilini ndiyo ya kuogopa zaidi.

Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha, kwa ngozi na kwa pumzi. Ule utando wa Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, una vitundu vidogo mno: tone la maji halipenyi, mvuke unapenya. Lakini mvuke haupenyi wenyewe tu, unasukumwa na tofauti ya joto na unyevu baina ya ndani na nje. Nje kukiwa na ukungu mzito, ama kitambaa kikiwa kimelowa au kimeganda kwa juu, msukumo huo unakufa. Mvuke unagonga kitambaa baridi, unageuka maji, na maji yanarudi kwenye manyoya. Manyoya yakilowa hujikunja na kushikana, na joto lote linapotea kwa sababu kinachokupa joto ni ile hewa iliyonaswa katikati yake.

Sasa piga hesabu ya baridi yenyewe. Usiku wa Januari Nairobi tuseme ni nyuzi 12. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka hapa mjini, mita 1,700 hivi, mpaka Shipton's kwenye 4,200 ni mita 2,500. Toa nyuzi 16. Uko chini ya sifuri kabla upepo haujavuma.

Na Januari ina jambo lake. Mvua ni chache, ndiyo, lakini anga huwa wazi, na usiku wa anga wazi kila kilicho chini hupoteza joto moja kwa moja kwenda juu. Kitambaa cha bivi kinaweza kuwa baridi kuliko hata hewa inayokizunguka. Nimelala Michaelson usiku wa namna hiyo nikiwa na mfuko mzuri tu wa Gore-Tex. Alfajiri nilipopitisha mkono ndani, kifuani kitambaa kilikuwa na chembe za barafu, na nilipovuta zipu zikanimwagikia shingoni. Miguuni, mahali slipingi begi ilipobanwa na mfuko, manyoya yalikuwa yamefanya mabonge na katikati ya mabonge hakuna kitu, vitambaa viwili vimegusana.

Hapo ndipo turubai inapopata heshima yake. Hata isiponyesha, turubai inaziba lile anga. Kilicho chini yake hakipoi kiasi hicho, umande na barafu vinashika turubai badala ya kushika kitanda chako, na unalala uso ukiwa wazi kwa sababu hakuna kitakachoudondokea. Kwa mtu asiyependa kufungiwa sioni njia nyingine. Bivi ya gramu 200 iliyo chini yake kazi yake ni ndogo: kuzuia upepo, matone yanayorushwa pembeni, na unyevu wa nyasi.

Kwa hiyo kura yangu ni aina ya tatu pamoja na turubai. Aina ya kwanza, mfuko mtupu bila kitu juu, isahau kwa njia ya Chogoria. Upande huo wa mashariki ndio unaopokea unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Sirimon ni pakavu zaidi, lakini kwa safari yenu hamfiki Sirimon bila kupita Chogoria.

Begi_Jekundu

Nakubaliana na mengi ya Umande, ila turubai isisifiwe bila kutaja upepo. Kuanzia Michaelson kwenda juu hakuna mti wa kufungia kamba. Shipton's ardhi ina mawe, vigingi vyembamba vya alumini vinapinda tu. Utafunga kamba kwenye mawe makubwa na utaisimamisha turubai kwa fimbo zako za kutembelea, na hayo yote utayafanya vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mtu ambaye hajajizoesha fundo la kukaza kamba asiende kujifunzia kule.

Bivi ya upinde unaitandika kwa dakika mbili, upepo unapita juu yake. Kwa wapanda miamba wa vilele vya Batian na Nelion, wanaoweza kulazimika kulala kwenye kingo ya jiwe yenye upana wa mwili, hakuna cha kuishinda. Ila wewe unaenda Lenana kwa njia ya miguu, unalala kambini penye nafasi. Kilo nzima kwa kitu ambacho huwezi kuketi ndani yake, huwezi kubadilisha nguo ndani yake, na mvua ikianza saa kumi jioni umelala chali mpaka kesho? Kwa uzito huo huo kuna hema za mtu mmoja zinazosimamishwa kwa fimbo za kutembelea, gramu 700 mpaka kilo moja, zenye chandarua na mlango.

Tena tupige hesabu kwa uaminifu. Bivi nyepesi gramu 200, turubai ya mita mbili kwa tatu gramu 300 hivi, kamba na vigingi 120. Jumla ni kama 620. Hema ya mtu mmoja tuseme 900. Tofauti haifiki soda moja. Kama unaogopa kufunga kamba gizani, lipa hizo gramu na ulale kwa amani.

Nyayo_Kasarani

Begi_Jekundu, umenigusa hapo. Hizo hema nimeziangalia, shida ni bei. Nzuri zikishafika hapa na ushuru wake zinapita bajeti yangu mbali sana. Turubai naweza kuipata bila kuagiza nje? Na wanyama je? Kulala chini bila kuta Ziwa Ellis kunanipa wasiwasi kidogo.

Mama_wa_Vilele

Mwanangu, wasiwasi wako ni wa akili. Msitu na mianzi ya upande wa Chogoria ni nyumba ya ndovu na nyati. Hema nalo si ukuta, ni kitambaa, lakini linaonekana. Mtu ndani ya mfuko wa kijivu kwenye nyasi haonekani. Laleni karibu karibu, mahali kiongozi atakapochagua, mbali na njia za wanyama na mahali wanaponywea. Aberdare ukienda, unatembea na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, na hapo si pa kutandika bivi yako pembeni peke yako kwa kutafuta mandhari.

Wadogo ndio wanaosumbua zaidi. Shipton's kuna panya, na pimbi waliozoea watu. Chakula kisilale nawe ndani ya mfuko, watautoboa. Kwenye misitu ya chini kuna siafu. Siafu hawabishi hodi. Ukinunua bivi, hakikisha ina chandarua usoni chenye zipu inayofunga mpaka mwisho, na kabla ya kutandika tembea hatua kadhaa kila upande ukimulika chini uone kama kuna mstari wao. Chandarua hicho hicho kitakusaidia ukishuka Magadi ama Kerio, ambako mbu ni suala la malaria. Huko kwenye joto utalala na chandarua peke yake, mfuko utakuchemsha.

Na tafadhali, ile desturi ya kuweka mfuko wa takataka wa plastiki ndani ya begi ili nguo zisilowe, iache. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu ya hifadhi. Nunua mfuko mmoja wa kuzuia maji wenye kufungwa kwa kukunjwa, utakaa nao miaka.

Jiko pia. Mvua ikinyesha mtu hushawishika kulivuta karibu na mdomo wa bivi. Usijaribu. Moshi usioonekana wa gesi unaua.

Fundi_wa_Nailoni

Turubai inashonwa hapa hapa Nairobi, mimi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Tafuta nailoni ya miraba midogo, ile isiyochanika ovyo, iliyopakwa silikoni pande zote mbili. Ikiwa gramu 45 hadi 50 kwa mita ya mraba, mita mbili kwa tatu itakupa 270 mpaka 300 kabla ya kamba. Polyesta iliyopakwa silikoni ni bora ukiipata, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea na utaamka usiku kukaza kamba.

Mshono wa katikati ndio roho ya turubai. Mwambie fundi akunje kingo zote mbili ziingiliane, apige mistari miwili sambamba, sindano nyembamba, uzi wa polyesta. Uzi wa pamba utaoza. Pini za kushikilia kitambaa aziweke ndani ya mkunjo tu, kila tundu nje ya mkunjo ni mlango wa maji. Kisha nenda hadiwea ununue silikoni safi ya bomba, si ile ya akriliki ya kuziba nyufa za ukuta. Ichanganye na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama rangi, ipake juu ya mshono kwa brashi ndogo, iache usiku mzima. Gundi nyingine hazishiki kwenye silikoni, zitabanduka kama ngozi.

Bivi za mtumba za jeshi huonekana soko la Gikomba. Ni imara, lakini nyingi zinakaribia kilo moja, na nyingine hazina zipu, kamba tu ya kukaza. Ukitaka kununua, igeuze ndani nje, angalia utepe wa mishono kama umebanduka, kisha mimina maji sehemu ya miguu na usubiri. Kitambaa kikiwa na malengelenge, utando umeachana na nguo yake. Hakuna fundi wa kukirudisha.

Umande_wa_Satima

Niongeze la vipimo kwa sababu una futi sita. Usinunue bivi ya urefu wa kawaida. Unahitaji urefu wako na sentimita 30 hivi juu yake, na upana wa kutosha godoro na slipingi begi vikae ndani bila manyoya kukandamizwa. Ikibana, unalipia joto halafu unaliminya. Ingia ndani dukani ukiwa na vitu vyako, jipindue upande. Muuzaji akikataa, nenda kwingine.

Na mahali pa kulala: usitandike chini kabisa ya bonde kando ya maji, hata kama panapendeza. Hewa baridi hutiririka na kukaa huko. Panda mita chache tu kando, tafuta mgongo mdogo wenye nyasi kavu.

Nyayo_Kasarani

Asanteni sana, wote. Naenda na bivi nyepesi ndefu yenye chandarua, na turubai ya mita mbili kwa tatu nishonewe. Fundi, swali la mwisho: chini ya bivi niweke nini? Kitambaa chake cha chini kinaonekana laini mno kwa mawe ya Shipton's, na godoro langu ni la hewa.

Fundi_wa_Nailoni

Hadiwea wanauza karatasi nzito ya nailoni ya ujenzi. Chukua geji 500, si 1000. Kipande cha mita mbili kwa sentimita 90 kitakuwa na gramu 200 hivi. Cha geji 1000 ni mara mbili ya hapo. Kikate umbo la mwili wako, chembamba miguuni, utapunguza gramu 50 nyingine. Kisiwe kipana kuliko bivi, maana kikitokeza nje kitakinga maji ya turubai na kuyaleta mgongoni kwako. Na ujizoeze kuifunga turubai juu ya ghorofa unakokaa, usiku, kwa tochi ya kichwani, kabla ya Januari.