Nataka kugombea uenyekiti wa AMCOS, ila korosho zetu zinaandikwa jina la mjomba

Binti Mahuta

Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 36, nipo Mahuta, Tandahimba. Huu msimu wa nne nafanya ukarani wa mizani kwenye AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mzigo ukianza kuingia Oktoba, nakaa na daftari toka asubuhi mpaka giza: natikisa kama zimekauka (kavu zinalia), napima, naandika jina na kilo. Aliyechanganya daraja la pili kwenye la kwanza namrudisha akachambue, hata awe mjumbe wa bodi. Kuna mmoja hajanisalimia tangu msimu uliopita.

Uchaguzi unakaribia, na akina mama wamenifuata nichukue fomu ya uenyekiti. Wazee wawili nao wakasema gombea, ila uhazini, "maana wanawake hamna tamaa ya hela". Nilicheka, lakini iliniuma. Yaani uaminifu wangu mwisho wake sanduku?

Tatizo ni kwamba uanachama sina. Shamba ni la bibi mzaa mama, mikorosho 140 hivi. Sisi Wamakonde ardhi inafuata upande wa mama, sawa, lakini kwenye daftari la wanachama na usajili wa pembejeo lipo jina la mjomba. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inatoka kwa jina lake, hela ya mnada inaingia akaunti yake. Kufyeka, kupulizia, kuokota ni mimi na mama. Halafu nafika mizani, nazipima korosho nilizookota mwenyewe, na mkono huuhuu unaandika jina la mjomba.

Mjomba si mtu mbaya, sekondari alinisomesha yeye. Nianzie wapi bila kuonekana namfukuza shambani?

Mama Ufuta, Nachingwea

Mdogo wangu, pole na hongera. Mimi nilikuwa kama wewe, ila kwangu jina lilikuwa la mume. Mkutano mkuu wa kwanza niliokwenda niliambiwa asiye mwanachama hanyooshi mkono, nikaishia nyuma na wapika chai.

Nilichofanya: niliiacha mikorosho ya watu. Mkorosho unazaa miaka na miaka, ndiyo maana unagombaniwa. Ufuta unapanda Januari au Februari, Juni umeshavuna, na huku kwetu unauzwa kwa stakabadhi ghalani kama korosho, yaani unapeleka mzigo ghalani, unapewa risiti, unauzwa kwa mnada. Nikakodi ekari mbili, nikapeleka ufuta kwa jina langu, nikalipa kiingilio na hisa. Baada ya hapo mkono nikanyoosha.

Na sikuanza kwa kuomba cheo. Nilianza kwa kuuliza makato. Bei ya mnada inatangazwa, mkulima anapokea pungufu, na wengi hatujui kilichokatwa. Nikataka wasome mstari kwa mstari: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, ghala, usafiri, chama chetu. Mkutano ulichelewa kuisha siku hiyo, na mwaka uliofuata wanaume ndio walionipendekeza bodi. Wewe uliyeshika daftari misimu minne una mtaji kuliko niliokuwa nao mimi.

Ila ukarani jiandae kuuacha. Soma masharti ya chama chenu kwanza, muulize na afisa ushirika wa wilaya.

Mkulima wa Kitangari

Mimi mwanamume na simpingi mwanamke. Ila mwenyekiti ndiye anayesimama mbele ya watu mambo yakiharibika. Mnakumbuka 2018? Bei ya mnada tuliikataa, serikali ikasema itanunua kwa 3,300 kilo, halafu kuna waliongoja malipo miezi. Kijijini kwetu viongozi wa chama walikuwa wanapitia njia za porini. Dada ataweza hayo?

Mama Ufuta, Nachingwea

Kaka, waliopitia porini walikuwa wanawake?

Mkulima wa Kitangari

Hapo umenishika.

Bwana Shamba Mstaafu

Binti, suala la mjomba usilianze wewe. Mama yako ndiye dada yake, yeye ndiye mwenye mdomo wa kulisema. Na msiombe shamba zima. Ombeni kipande, tuseme mikorosho 30, au eneo tupu mpande miche mipya kwa ushauri wa watu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Wazee wa ukoo washuhudie, muhtasari uandikwe, serikali ya kijiji ipige muhuri. Baadaye fuatilieni hati ya hakimiliki ya kimila.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Ijue, lakini usimsomee mjomba siku ya kwanza. Ataona kama umemletea polisi.

Na wakikwambia mambo ya korosho ni ya wanaume, waulize kama hawamkumbuki Mama Anna Abdallah. Aliongoza Bodi ya Korosho ya nchi nzima.

Binti Mahuta

Shikamoo mzee, na asante dada. Jana usiku nimeongea na mama. Amekaa kimya muda mrefu, mwisho akasema hata yeye hajawahi kuona jina lake kwenye risiti, na anataka lake litangulie la kwangu. Sikutegemea.

Mjomba anakuja Jumapili, mama ameshamtenga jogoo. Mama Ufuta, hizo ekari mbili ulikodi shilingi ngapi?