Vitoto vya paka vilifungwa macho ili watoto wetu waone: ni halali au ukatili?

MamaNeema
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu alizaliwa na mtoto wa jicho, upande wa kushoto. Alipasuliwa akiwa na miezi 14. Daktari akaniambia jicho sasa ni safi, lakini huenda lisione vizuri kwa sababu ubongo umeshazoea kulipuuza. Nikamuuliza, mmejuaje? Akanisimulia habari za Hubel na Wiesel, watafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Miaka ya 1960 walishona kope za jicho moja la vitoto vya paka, wakaviacha miezi kadhaa, kisha wakafungua. Jicho lenyewe halikuwa na kasoro, ila seli za ubongo karibu zote zilikuwa zimeacha kuliitikia. Paka mkubwa akifanyiwa vile vile, hadhuriki. Nawaonea huruma wale paka, na papo hapo natamani elimu yao ingenifikia mapema. Ninyi mnaonaje?

Mpare_Halisi
Ni halali kabisa. Bila paka wale, nani angejua kwamba mtoto wa jicho mzito wa upande mmoja unatakiwa kutolewa mtoto akiwa na wiki sita hivi? Tunachinja mbuzi kwenye harusi na hakuna anayelia. Wale Wamarekani walistahili Nobel yao ya 1971. Tatizo ni akina mama wanaozunguka kwa waganga mpaka mtoto anatembea, ndipo wakumbuke hospitali.

BintiPemba
Mbuzi anachinjwa mara moja, kwa kisu kikali, na kuna adabu zake. Kumfumba kiumbe macho akiwa mchanga na kumweka hai hivyo ni jambo jingine. Sote tumefundishwa madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Na haya hayajaisha. Hapo hapo Harvard, kwenye maabara ya mtafiti wa ubongo Margaret Livingstone, walilea vitoto vya nyani bila kuwaonyesha sura yoyote, walezi wakivaa kofia za kuchomelea vyuma, ili waone kama ubongo utajifunza kutambua nyuso. Utafiti ulitoka 2017. Mwaka 2022 alipoandika kuhusu nyani jike waliopoteza watoto wakakumbatia midoli, wanasayansi zaidi ya 250 walitia saini barua wakitaka makala ifutwe.

Sayansi_Mtaani
Mpare, Nobel yao ni ya 1981, na waligawana na mtafiti mwingine wa ubongo, Roger Sperry. Halafu Wiesel ni Msweden, Hubel alizaliwa Canada.

MamaNeema
Mpare, nimekusoma na umeniumiza. Mimi mganga simjui. Mtoto akiwa na siku tisa niliona weupe kwenye mboni nikampeleka kliniki. Nesi aliyekuwepo akamwangalia akasema, "mama, huo ni uchafu tu, utatoka." Nikarudi akiwa na miezi mitatu, nikaambiwa nisubiri akue kidogo, hawezi kupewa nusu kaputi. Kote huko nilikwenda kwa miguu yangu. Hilo nililifanyia uzembe wapi?

Nesi_Kijijini
Pole sana dada. Lakini naomba tusianze kuwashushia manesi lawama. Zahanati yangu tuko wawili kwa kata nzima, chanjo sisi, uzazi sisi, vidonda sisi. Kurunzi ya kupimia macho nimenunua kwa mshahara wangu.

Mpare_Halisi
Mama Neema, nimesema "akina mama", sikukutaja wewe. Ila hata wewe Nesi, ukweli usemwe: watoto wanachelewa. Kuna utafiti wa Tanzania, ulichapishwa 2005, kuhusu watoto wanavyocheleweshwa kufika hospitali kwa ajili ya mtoto wa jicho. Haukuandikwa bure.

Nesi_Kijijini
Na nani aliyekuambia kuchelewa maana yake ni mganga? Kuna nauli. Kuna baba anayeshika pesa na hajaamua. Kuna bibi anayesema mjukuu ana jicho la ukoo. Kuna mimi, niliyefundishwa macho kwa siku mbili tu chuoni. Wewe umeshawahi kumpandisha mama na kichanga kwenye bodaboda kilomita arobaini?

Sayansi_Mtaani
Naomba nirudi kwenye mada. Paka si njia pekee. Mtafiti Pawan Sinha wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kupitia Mradi wa Prakash, anatibu watoto India waliozaliwa vipofu kwa mtoto wa jicho, wengine wameshavuka miaka kumi, na anafuatilia jinsi ubongo unavyojifunza kuona. Hawapati uoni kamili, lakini wanatambua vitu, hata nyuso. Hakuna kiumbe aliyefumbwa macho hapo. Kwa hiyo "ukichelewa umekwisha" si kweli.

BintiPemba
Hilo ndilo nililotaka kusikia.

Mpare_Halisi
Wale watoto wa India macho yao yote mawili yaliziba tangu kuzaliwa. Jicho moja likiwa zima linalipora jenzake nafasi ubongoni, ndiyo maana la upande mmoja linaachwa nyuma zaidi. Na hilo pia tumelijua kwa paka. Mama Neema, samahani kwa neno la waganga. Nililisema kwa hasira za kwetu, mpwa wangu lilimkuta hivyo.

MamaNeema
Nimepokea, kaka.

Juma_wa_Kilwa
Samahani kuingilia. Mtoto wa dada yangu ana miezi miwili. Tukimpiga picha kwa mwanga, jicho moja linatoka jekundu, jingine jeupe. Ndiyo hiyo?

Nesi_Kijijini
Juma, inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho. Zote mbili hazisubiri. Kesho asubuhi nendeni hospitali ya wilaya, mseme "weupe kwenye mboni", mdai barua ya rufaa kwa daktari wa macho.

MamaNeema
Na mkiambiwa ni uchafu, msiondoke. Kaeni hapo hapo benchini mpaka barua iandikwe. Akishapasuliwa wataliziba lile jicho zima kwa kiraka saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lifanye kazi. Atalia sana na atakibandua. Neema bado anakibandua, na mimi nakirudisha. Juma, nauli ikiwa shida niandikie leo usiku.

BintiPemba
Mimi nachangia. Suala la paka bado tutalizungumza.