Wakuu, mnachorea nini mifumo yenu?

kibuyu_cha_data: Habari wakuu. Tuko watano kwenye mradi mmoja. Michoro yetu ilichorwa draw.io (programu ya kuchora), ikatolewa kama picha na kubandikwa kwenye nyaraka. Aliyechora alishaondoka na mafaili ya asili hatuyaoni. Mfumo umebadilika, picha ziko palepale. Mgeni wetu kapoteza siku mbili akitafuta jedwali la databesi tulilokwisha kulifuta. Bosi anataka leseni za Enterprise Architect, ile programu kubwa ya kuunda modeli za mifumo. Mimi naona mzigo umemzidi punda. Ushauri tafadhali.

Nukta_Mbili: Mkuu, draw.io mnaionea bure. Faili lake ni XML, yaani maandishi yenye alama, mngeliweka kwenye Git (inayotunza kila badiliko la mafaili) pamoja na msimbo. Hata picha ya PNG inabeba mchoro ndani yake, ukikubali hivyo wakati wa kuitoa.

mzee_wa_seva: XML kwenye Git? Sogeza kisanduku kimoja, kisha jaribu kusoma kilichobadilika 😂. Sisi tuko PlantUML: unaandika maneno, mchoro unajichora. Mshale ukiongezwa, mkaguzi anauona kama mstari mwingine wowote wa msimbo. Ubaya ni kwamba kisanduku kikae wapi huamui wewe, kwa hiyo mchoro mkubwa unageuka utando wa buibui. Gawanyeni.

Nukta_Mbili: Basi Mermaid, nayo unaandika maneno tu. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, inauonyesha mchoro wake ndani ya Markdown (nyaraka za maandishi mepesi) tangu 2022, huna cha kusakinisha.

Shangazi_Msimbo: Wanangu, Enterprise Architect msiibeze. Ile inatunza modeli, haichori tu. Ukibadilisha jina la klasi (kipande cha msimbo) mara moja, limebadilika kwenye kila mchoro ilipo. draw.io haijui kwamba visanduku viwili vyenye jina moja ni kitu kimoja. Mteja akidai kila hitaji lifuatiliwe hadi kwenye jaribio lake, mtaitafuta wenyewe. Ila msije mkadanganyika kwamba XMI, faili la kubadilishana modeli, itawahamisha kirahisi kwenda programu nyingine. Nilijaribu: klasi zilifika, mpangilio wa michoro ukabaki njiani.

kibuyu_cha_data: Shangazi, mteja wetu hadai hayo. Majedwali je?

mzee_wa_seva: Hayo usichore kwa mkono kabisa. DBeaver, programu ya kusimamia databesi, inasoma databesi yenyewe na kukutolea mchoro. Kilichofutwa hakitaonekana.

kibuyu_cha_data: Mrejesho: mchoro wa mfuatano wa malipo nimeuandika kwa Mermaid, mistari 14, uko kwenye Git. Mgeni kaelewa. Bosi kauliza rangi ziko wapi.