Vidole vinakufa ganzi kwenye MTB (baiskeli ya milimani), nianze na usukani au gripu (raba za kushikia usukani)?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nina MTB ya magurudumu ya inchi 29, usukani flati (ulionyooka) wa milimita 720, stemu (kipande kinachoshika usukani) ya milimita 90, na napiga sana barabara za vumbi huku Monduli. Nikishaendesha kama saa moja hivi kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi hasa mkono wa kulia, na kwenye mteremko nashindwa kukamata breki vizuri, hiyo ndo inanitisha zaidi. Nimejaribu glavu za jeli, nimepunguza upepo wa matairi, siti ilikuwa imeinamia mbele nikainyoosha, nafuu ni kidogo tu.

Hela inatosha kitu kimoja kwa sasa. Je nichukue usukani ulioinuka milimita 30 au gripu pana za kuegemeza kiganja? Na zile pembe za kufunga kwenye ncha za usukani zinasaidia kweli kubadilisha mkao, au vichakani zinanasa tu?