Datsun 1200: nikate hedi milimita nzima nipate nguvu?

Dereva wa Mambrui

Assalam aleikum wenzangu. Nina pikapu ya Datsun 1200, injini ni ile A12 ya kabureta, cc 1171. Nabeba samaki na barafu toka Ngomeni hadi Malindi mjini. Mwezi jana ilichemka karibu na daraja la Sabaki, mvuke ukafoka hata niliyempa lifti akaruka chini kabla sijasimama. Gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi sasa iko juu ya meza ya jikoni na mke wangu hasemi nami.

Fundi aniambia tuipeleke Mombasa ikapigwe skimu, yaani uso wake usawazishwe kwa mashine, na maadamu ishafunguliwa, tukate milimita nzima na kupanua njia za hewa, "itaruka kama ya rally". Tamaa imeniingia, sikatai. Nikipakia barafu, mwinuko wa kutoka darajani naupanda gia ya pili, bodaboda wanipita wakinipungia mkono. Nikate?

Kijana wa Watamu

Kata, kaka! Mimi nilikata ya Toyota Starlet, ikawa moto wa kuotea mbali. Wiki tatu hivi. Kisha pistoni ikatoboka.

Fundi Mzee

Mwanangu, ngoja kwanza. Silinda moja ya A12 ni karibu mililita 293. Ikiwa yako ni kompresheni ya 9 kwa 1, yaani hewa yabanwa mara tisa, juu ya pistoni panabaki kama mililita 36.6. Ukikata milimita ukapunguza mililita 3, unafika 9.7. Si mbaya kwenye karatasi. Lakini wewe unapanda mwinuko na mzigo, injini imelemewa, jua la saa saba: itagonga, yaani petroli itajilipukia yenyewe, utasikia kama changarawe ndani ya mkebe. Hapo utarudisha taiming, ule wakati wa plagi kutoa cheche, nyuma, na ile nguvu uliyoinunua utakuwa umeirudisha dukani.

Hizo 3 nimekisia. Pima mwenyewe: hedi kichwa chini, valvu zimefungwa, plagi mahali pake, kipande cha plastiki angavu chenye tundu kimebandikwa kwa grisi, kisha tia mafuta mepesi kwa bomba la sindano ukihesabu. Vyumba vyote vinne vya kuchomea petroli. Visipolingana, anzia hapo.

Njia za hewa usizipanue. Chukua gasketi ya manifoldi, yale mabomba ya hewa na moshi, chora duara lake kwenye hedi, saga ule ukingo unaochungulia ndani, basi. Upande wa kuingiza usiung'arishe kama sinia la harusi. Nguvu ya bure iko kwenye vikalio vya valvu: vikatwe pembe tatu, 30, 45 na 60, usage valvu, kisha jaza petroli kwenye kila chumba cha hedi. Ikivuja kabla robo saa haijaisha, hujamaliza.

Sasa nikuulize: rejeta unatia maji gani?

Dereva wa Mambrui

Shikamoo mzee. Ya kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo, lakini chai twaipikia hayo hayo.

Fundi Mzee

Marahaba. Chai haina alumini; hedi yako ni alumini, na chumvi huila. Tazama matundu ya maji karibu na ilipoungua gasketi. Ukiona unga mweupe, kwangua kwa msumari.

Dereva wa Mambrui

Nimekwangua. Msumari umezama mpaka nusu, na tundu lililokuwa duara sasa lina umbo la korosho, ukingo wake umebakisha kama milimita mbili kufika kwenye silinda. Kumbe gasketi ilikuwa haina pa kukalia.

Fundi Mzee

Basi habari ya nguvu iweke kando. Kwanza ijazwe kwa kuchomelewa kwa gesi ya agoni, kisha ndiyo skimu, maana moto wa kuchomelea utaipinda. Watoe kiasi cha kuinyoosha tu. Ikirudi, weka rula ya chuma juu yake mshazari. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.1 ikipita chini, irudishe kwao. Na rejeta ukaizibue, nayo itakuwa imejaa magamba.

Dereva wa Mambrui

Naipeleka Mombasa Jumatatu. Mke wangu auliza kama aweza kuifuta meza kwa petroli.

Kijana wa Watamu

Mwambie maji ya kisima.