Gesi, umeme, maji ya paa au miti: mwenye kipato kidogo Dodoma aanze na kipi?

Mkazi wa Nkuhungu

Wanajamvi, habari za jioni. Tuko watu watano katika nyumba ya kupanga, na nimedhamiria kupunguza uharibifu wa mazingira unaotokana na maisha yetu bila kuingia katika madeni. Ninalinganisha kuacha mkaa na kuhamia gesi au umeme, kununua jiko banifu, kuvuna maji ya mvua, na kupanda miti. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja tu kwa sasa, hivyo naomba kila mchangiaji aeleze kile alichokifanya mwenyewe.

Binti Mpwapwa

Ndugu yangu, anza jikoni, kwa sababu huko ndiko fedha inakotoka kila siku. Mkaa wetu mwingi huchomwa katika matanuri ya udongo, ambayo kwa kawaida hula kilo sita za kuni au zaidi ili kutoa kilo moja ya mkaa, na kuni hizo zinakatwa katika nchi kavu ambako mti huchukua miaka mingi kurudi.

Mimi nilinunua mtungi wa kilo 6, ukaisha kabla ya mwezi kwisha, nikakosa fedha ya kuujaza na kurudi kwenye mkaa kwa aibu. Nilipochunguza niligundua kwamba kilichokuwa kikimaliza gesi ni maharage. Siku hizi nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nayachemsha katika maji mapya yakitokota kwa nguvu kwa zaidi ya dakika kumi, kisha naipua sufuria ikiwa imefunikwa na kuizamisha katika kapu la ukindu nililolijaza nguo chakavu na blanketi kuukuu. Baada ya saa nne nikifunua, mvuke bado unapanda, na maharage yanahitaji moto kidogo tu wa kumalizia. Tafadhali usiruke hatua ya kuyatokosa, kwa sababu maharage mabichi yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi.

Mpangaji wa Area C

Namuunga mkono dada, ila kwa vyakula vinavyochelewa kuiva mimi nimechagua jiko la umeme la presha. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza sana sehemu ya umeme wetu inayotokana na maji, kwa hiyo kupikia umeme si kuhamishia moshi mahali pengine. Hata hivyo, kama uko katika kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia matumizi yako kwanza, kwani ukivuka kiwango hicho bei hubadilika na hesabu yako yote inaharibika.

Kuhusu jiko banifu, linafaa kwa anayelazimika kubaki na mkaa. Kwako wewe ningeliruka.

Fundi Bati, Ihumwa

Naomba maji yasidharauliwe. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka katika visima vya Makutupora. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 5 tu hutoa karibu lita 200, yaani pipa zima. Mvua ya kwanza iache ipite, kwa sababu bati limelala na vumbi la kiangazi kizima. Kwa kuwa umepanga, usijenge tangi, bali zungumza na mwenye nyumba kuhusu kipande cha gata upande mmoja.

Mzee wa Chamwino

Wanangu, mche wa kununua hufa Agosti kama hauna maji. Kule shambani tumejifunza kisiki hai, njia ambayo shirika la LEAD Foundation limeieneza katika vijiji vingi vya mkoa huu. Unatafuta kisiki kilichokatwa zamani ambacho bado kinachipua, unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unakata mengine, kisha unafunga kitambaa ili mpita njia ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Mizizi tayari imefika chini, kwa hiyo humwagilii. Mgunga nilioanza nao ukiwa na vijiti vyembamba kama vidole, leo mbuzi wanalala kivulini mwake.

Huko mjini panda mwarobaini mmoja tu. Toboa tundu dogo kwenye kitako cha dumu, uliweke karibu na shina, na maji yatadondoka polepole bila kupotelea juani.

Mkazi wa Nkuhungu

Shikamoo mzee, nashukuru, na ninyi nyote ahsanteni. Ninanunua mtungi mwisho wa mwezi huu, na kapu ninalo tayari. Pipa tulilokuwa tukihifadhia mkaa nitalisafisha niliweke chini ya paa kabla ya Desemba, na maji yake nitamwagilia mwarobaini, kwani mwenye nyumba amekubali niuchimbie shimo karibu na lango.