Machalii wa Chuga kuitana "niga": ruhusa katoa nani?

Wakuu, tulijadili hili bila matusi, ingawa lenyewe linahusu tusi.

Hapa Chuga, yaani Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, kwenye vijiwe vya bodaboda, machalii (vijana) wanaitana "niga", neno la Kiingereza cha Marekani lililoanza kama tusi kwa watu weusi. Hoja yao naijua: sisi ni weusi kuliko hao Wamarekani weusi wanaoitana hivyo, kwa hiyo neno ni letu pia. Wanakumbusha na ya Alabama, Marekani, mwaka 2018, mwanarap mweusi Kendrick Lamar alipompandisha shabiki jukwaani waimbe pamoja, kisha akamkatiza kwa sababu alilitamka neno hilo. Yule alikuwa Mzungu, wanasema, sisi linatuhusu nini?

Mimi sikubali. Waliouzwa mnadani huku wakiitwa hivyo ni mababu wa Wamarekani weusi, na walioligeuza likawa la kuitana kishkaji ni wajukuu wao. Nao hawajaafikiana hata leo. Mwaka 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kililifanyia mazishi Detroit, na jeneza kabisa. Tena kuna Richard Pryor, mchekeshaji Mmarekani mweusi aliyelitumia jukwaani miaka na miaka. Mwaka 1979 alikwenda Kenya, akawaona weusi wanaendesha nchi yao wenyewe, akarudi kwao na kutangaza halitamki tena. Yaani mwenzetu aliliacha Nairobi, sisi tukalipokea Namanga!

Majuzi stendi ya Moshi nilimsikia konda wa Coaster akimkaribisha mama mmoja wa makamo, Mmarekani mweusi: "Karibu niga wangu, siti ya dirishani hii hapa." Kijana wa watu alikuwa anatabasamu, begi la mama kalishika mkononi. Mama alichukua begi lake taratibu, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Konda akabaki anatuuliza, "Kwani nimemkosea nini?"

Kosa ni kwamba alitania asiye mtani wake. Mchaga akimwambia Mpare ni bahili anayependa kesi kuliko chakula, Mpare anamrudishia kwamba yeye kwa hela anaweza kumuuza hata shangazi yake, na wote wanacheka. Kila upande unajua unaruhusiwa, na kila upande unajua utajibiwa. Sisi na Wamarekani weusi tuliwekeana utani lini? Kusikiliza rap tangu utotoni si utani, mtanisamehe.

Na tusijifanye haya ni mambo ya ng'ambo tu. Wadatoga tunawaita Wamang'ati mchana kweupe, sokoni na ofisini, wakati jina hilo walibandikwa na Wamasai na maana yake ni adui. Nina rafiki Mdatoga. Akiwa na ndugu zake hujiita hivyo, wakacheka mpaka machozi. Akiitwa hivyo na muuza mitumba pale soko la Kilombero, uso unabadilika. Hapo hakuna suala la rangi hata kidogo, wote ni weusi. Kinachoangaliwa ni nani alitukanwa kwa jina hilo na nani alikuwa anatukana.

Machalii, mkiitana wenyewe kwa wenyewe kijiweni sitawafuata, japo sioni "chalii yangu" limewapungukia nini. Ila nyie wa "neno ni letu sote" nijibuni: Mdatoga akikukataza kumwita Mmang'ati, utaacha au hutaacha? Kama utaacha, yule mama alikosea wapi kuhama siti?